Nyumba ya bati imekuwa oveni, naombeni ushauri kabla sijakopa kununua AC

Wakuu habari za usiku, maana kulala ndo hakuna. Nipo Chanika, nyumba yangu mwenyewe vyumba vitatu, nilihamia 2021. Juu bati la msauzi rangi ya maruni, chini yake gypsum, madirisha aluminiamu ya kusukuma. Tangu Desemba ni mateso, saa sita usiku ukigusa ukuta wa chumbani kwetu wa moto kama jiko limetoka kuzimwa sasa hivi, mtoto harara zimemtoka shingo mpaka mgongo, pangaboi lipo ila linazungusha joto lile lile. Miaka miwili ya kwanza haikuwa hivi kabisa. Nataka nikope ninunue AC ya BTU 12000. Inakula umeme kiasi gani? Au kuna njia nyingine?

BabaMapacha: Piga hesabu kwanza mkuu. AC hiyo ya kawaida compressor ikiwa inafanya kazi ni kama uniti moja kwa saa. Haifanyi kazi muda wote, tuseme usiku mzima imekula uniti 5, mwezi ni 150. Sasa kama upo kwenye umeme wa shilingi 122 kwa uniti sahau, ule ni wa watu wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, utahamishiwa kwenye ule wa shilingi 356 kwa uniti. Hapo ni kama elfu 53 ya AC peke yake, friji na pasi hatujagusa.

Mgogo_Halisi: Loweka shuka, kamua, tundika dirishani upepo upite hapo. Sisi huku Dodoma tunalala na blanketi 😂

bi_mkubwa_tanga: We Mgogo usimpoteze mwenzio, huko kwenu hewa kavu ndo maana shuka linakauka na kupoza. Pwani kaskazi hii hewa yenyewe imejaa maji, shuka linashinda bichi na godoro linaota ukungu. Mpe mtoto maji mara kwa mara, muogeshe ya baridi jioni, asivalishwe nailoni.

fundi_kivule: Kaka AC kwenye nyumba hiyo unapoza bati la Chanika nzima. Joto linaingilia juu, bati la rangi iliyokoza linanyonya jua kutwa, ile hewa kati ya bati na gypsum haina pa kutokea inashinda inakuchoma kichwani. Toboa matundu ya hewa kwenye zile pembetatu za ukuta huku na huku, weka na wavu popo wasihamie. Halafu paka bati rangi nyeupe ya mabati, majirani watacheka wacha wacheke. Na hayo madirisha ya kusukuma hata ufunguaje ni nusu tu inapitisha upepo, mimi kila siku nawaambia wateja wanasema ya kufungukia nje ni ya kizamani. Chumba chenu kipo upande gani, na nje pakoje?

mleta uzi: Upande jua linapozama. Nje nilimwaga pevingi uwanja wote mwaka juzi. Palikuwa na mwarobaini mkubwa hapo dirishani, fundi akasema mizizi itapasua msingi tukaukata.

fundi_kivule: 🤦🏾 Sasa si umejijibu. Jua la saa tisa lilikuwa linazuiwa na mti, siku hizi linapiga ukuta na pevingi, usiku vyote vinakurudishia.

bi_mkubwa_tanga: Na ikaanza lini hii shida, si mwaka juzi huo huo? Ng'oa mstari mmoja wa hizo pevingi, funga waya ukutani panda pasheni, inapanda haraka kuliko mti. Mwarobaini nao upande, ila mita kadhaa toka ukutani.

mleta uzi: Dah. Mke wangu anasoma hapa pembeni anacheka mpaka machozi, yeye siku ile aligombana na fundi mti usikatwe. Basi AC nasimamisha kwanza, naanza na matundu na rangi. Fundi_kivule, bati la nyumba ya vyumba vitatu linakula ndoo ngapi za lita 20?

fundi_kivule: Inategemea mapana, njoo inbox na vipimo. Na usipande juu mchana.