Simu janja au DSLR kwa filamu fupi ya wanafunzi: ulinganisho wa vifaa na programu za kuhariri

mlezi_wa_klabu (Tanga)

Habari za leo, wanajukwaa. Mimi ni mlezi wa klabu ya sanaa katika shule moja ya sekondari hapa Tanga. Wanafunzi wa kidato cha tano wamekwisha kuandika mswada wa filamu fupi, na kwa kuwa ukurasa mmoja wa mswada uliopangwa vizuri hukadiriwa kuwa dakika moja ya picha, tumeupunguza mpaka ukabaki kurasa nane. Hadithi inatokea mahali patatu: darasani, jikoni usiku, na ufukweni jua likiwa utosini. Bajeti yetu ni shilingi 600,000, na hakuna dalili ya kuongezewa.

Njia zilizo mbele yetu ni mbili. Ya kwanza ni kutumia simu janja ya mwalimu mwenzangu, ambayo ina kamera nzuri, kisha fedha zote ziende kwenye vifaa vingine. Ya pili ni kununua DSLR (kamera ya kidijitali yenye lenzi ya kubadilisha) iliyotumika, ya aina ya Canon 700D, ambayo itabaki kuwa mali ya shule. Ningependa kusikia kutoka kwa waliokwisha kufanya kazi hii na wanafunzi, kwa sababu wapiga picha wa harusi niliowauliza (nawaheshimu sana) wananitajia vifaa ambavyo hata shule nzima haiwezi kuvinunua. Naomba pia ushauri kuhusu programu ya kuhariri. Kompyuta za maabara yetu zina RAM ya GB 8 na hazina kadi ya picha ya pekee.

lenzi_ya_nairobi

Salamu kutoka Nairobi, mwalimu. Huku huwa ninawaandaa wanafunzi kwa kitengo cha filamu katika tamasha la kitaifa la drama na filamu, na kwa maoni yangu kamera ya DSLR ndiyo inayofaa shule. Rununu hufanya mambo mengi yenyewe: huamua mwanga, huamua rangi, hulainisha nyuso, na mwanafunzi hubaki kubonyeza kitufe chekundu tu. Kwenye DSLR mwanafunzi hulazimika kuelewa tundu la lenzi (upana wa njia ya mwanga), kasi ya shata (muda ambao mwanga huingia) na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), na jinsi kimoja kinavyovuta kingine, maarifa ambayo atayatumia hata akipewa kamera nyingine yoyote baadaye.

Faida ya pili ni hilo onyesho lenu la jikoni usiku. Sensa ya kamera hizi, yaani kipande kinachopokea picha, ni ya ukubwa wa APS-C, ambao ni mara kadhaa kuliko ile ya rununu, na ukiiwekea lenzi ya mm 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa za Canon, balbu moja ya jikoni yaweza kutosha. Kumbuka tu kwamba kwenye sensa hiyo lenzi ya mm 50 hukata picha kama lenzi ya mm 80 kwenye sensa kubwa, kwa hiyo katika jiko dogo mpiga picha atajikuta mgongo uko ukutani na bado mwigizaji anajaa fremu kuanzia kifuani. Lenzi ya mm 18 hadi 55 inayokuja na kamera bado mtaihitaji.

Tahadhari moja: 700D ni ya mwaka 2013 na haina mfumo wa fokasi wa Dual Pixel. Mkipata 200D ya mwaka 2017 kwa bei inayokaribiana, ichukueni hiyo, kwani hufuata uso wa mwigizaji vizuri zaidi wakati wa kurekodi video.

bwana_fremu (Dar es Salaam)

Namheshimu mwenzangu wa Nairobi, lakini kwa bajeti hii ningebaki na simu. Ukishanunua kamera, lenzi, betri ya akiba na kadi ya kumbukumbu yenye kasi, hutabakiwa na fedha ya maikrofoni wala stendi. Hayo ya simu kuamua kila kitu yenyewe yana tiba. Programu ya Open Camera ya Android ni ya bure, na kwenye simu nyingi hukuruhusu kufunga mwanga, rangi na fokasi, na pia kuchagua idadi ya fremu, yaani picha moja moja kwa kila sekunde. Blackmagic Camera nayo ni ya bure, ila kwa upande wa Android haifanyi kazi kwenye kila simu, kwa hiyo mwalimu aangalie kwanza kama simu hiyo imo.

Jambo ambalo shule nyingi huliona likiwa limekwisha kuharibika ni kumetameta kwa taa. Umeme wetu ni wa Hz 50, maana yake tyubu za darasani na balbu nyingi za LED za bei nafuu hupiga mwanga mara 100 kwa sekunde, ingawa jicho halioni. Simu nyingi huja zimepangwa fremu 30 na shata inayojibadilisha, na shata ikiangukia 1/60 ya sekunde kila fremu hukusanya mwanga usiolingana na wa fremu iliyotangulia, ndipo mistari ya kivuli inapoanza kutambaa kwenye ukuta mweupe wa darasa. Wekeni fremu 25 na shata 1/50. Hapo kila fremu humeza mapigo mawili kamili ya taa, na tatizo huisha hapohapo, iwe mnatumia simu au DSLR.

Ufukweni mambo hugeuka. Tundu la lenzi ya simu kwa kawaida halibadiliki, kwa hiyo kwenye jua la saa sita shata ya 1/50 itaifanya picha iwe nyeupe pe. Ama mnunue kichujio cheusi cha ND (cha kupunguza mwanga) cha kubana kwenye simu, ambacho si ghali, ama muiache shata ipande na kukubali kwamba mawimbi na mikono ya wavuvi vitaonekana vikikatikakatika kidogo. Mimi ningenunua kichujio. Na msikuze picha kwa vidole; msogezeni mpiga picha.

hamali_wa_sauti (Zanzibar)

Assalamu alaykum. Nimesoma yote na naona hakuna aliyegusa sauti isipokuwa kwa kuipitia tu, ilhali filamu nyingi za wanafunzi ninazoombwa kuzitengeneza huja na picha nzuri na maneno yasiyosikika. Mtazamaji husamehe picha yenye chembechembe. Mazungumzo yasiyoeleweka humfanya aondoke.

Nianze na kamera mnazozibishania. 700D ina tundu la maikrofoni lakini haina tundu la hedifoni, maana yake mtarekodi siku nzima bila mtu yeyote kujua kinachoingia, na simu nyingi ziko vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo ushauri wangu kwa kamera zote mbili ni uleule: rekodini sauti mbali na picha. Chukueni maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, ichomekeni kwenye simu ya pili, ya kawaida tu, iwekeni simu hiyo mfukoni mwa mwigizaji ikiwa katika hali ya ndege, na mrekodi kwa WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ya kHz 48, si kHz 44.1, kwani kHz 48 ndicho kipimo cha video. Maikrofoni ikae kifuani, upana wa kiganja chini ya kidevu. Ikiwa mwigizaji amevaa khanga, ibandikeni kwa plasta upande wa ndani ili kitambaa kisiisugue, kisha mwambieni atembee na kugeuka kabla ya kurekodi, nanyi msikilize. Kwenye kila shoti mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Kofi hilo huonekana kwenye picha na kusikika kwenye sauti zote mbili, na mhariri hulitumia kuzilinganisha.

Darasa ndilo litakalowasumbua kuliko ufukwe. Kuta za saruji, sakafu ya saruji na bati juu hurudisha kila neno. Tandikeni makhanga na mablanketi sakafuni na mtundike mengine nyuma ya kamera, yaani upande usioonekana. Godoro moja lililosimamishwa pembeni hufanya kazi kubwa. Zimeni pangaboi hata kama mtatokwa jasho. Nyumbani zimeni friji, na aliyeizima aweke ufunguo wa nyumba ndani yake ili asiondoke bila kuiwasha tena. Kabla ya kuhama mahali popote, watu wote wanyamaze kwa nusu dakika huku kinasa kikiendelea. Huo ukimya wa mahali ndio utakaoziba mapengo baina ya sentensi wakati wa kuhariri, na mkiukosa, kila mkato utasikika kama mlango uliofungwa ghafla. Ufukweni tafuteni kofia ya manyoya ya kuvalisha maikrofoni, kwani sponji peke yake haiwezi upepo wa kusi.

Nikiulizwa nigawe hizo 600,000, nusu ningeipeleka kwenye sauti.

mlezi_wa_klabu (Tanga)

Ahsanteni sana. Ndugu hamali_wa_sauti, umenifungua macho kuhusu bati. Swali langu ni hili: picha ikitoka kwenye simu moja na sauti kwenye nyingine, je, hazitaachana kadiri shoti inavyoendelea? Tulijaribu kurekodi igizo zima la darasani mara moja, na mwishoni midomo ilikuwa imetangulia maneno.

mhariri_mpole (Arusha)

Mwalimu, hapo ndipo kazi yangu inapoanzia. Kuachana huko kwa kawaida kuna sababu mbili. Ndogo ni kwamba saa za ndani za vifaa viwili hazilingani kabisa, lakini kwa shoti ya dakika moja au mbili hutaiona tofauti. Kubwa ni kwamba simu nyingi hazirekodi kwa idadi ya fremu isiyobadilika. Simu ikipata joto au mwanga ukipungua, fremu 30 huwa 28 au 24, na programu ya kuhariri inayodhani ni 30 muda wote hupotea njia. Kabla ya kuhariri, zipitisheni faili zote kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video ambayo ni ya bure, mkichagua fremu 25 zisizobadilika ikiwa mlirekodi kwa 25. Fanyeni hivyo hata kama programu ya kurekodia imewaambia kwamba idadi ilikuwa thabiti.

Kuhusu programu za kuhariri, DaVinci Resolve ya bure ndiyo yenye uwezo mkubwa kuliko zote zisizolipiwa: haiweki chapa kwenye picha, hutoa filamu hadi 4K ya kawaida, na sehemu yake ya rangi hutumiwa na wataalamu. Hata hivyo inategemea sana kadi ya picha, na RAM ya GB 16 ndiyo pa kuanzia kwa kazi ya utulivu. Kwenye maabara yako wanafunzi watatumia kipindi kizima wakiitazama ikifunguka. Kama kompyuta ni za Linux kuna tatizo jingine, kwa sababu toleo la bure huko halisomi video za H.264 (namna moja ya kubana video), ambazo ndizo simu nyingi hutoa.

Kwa mashine za GB 8 ningechagua Kdenlive. Ni programu huria, inakwenda kwenye Windows na Linux, na ina uwezo wa kutengeneza nakala nyepesi: wanafunzi wanahariri kwa faili ndogo, na wakati wa kutoa filamu programu inarudi yenyewe kwenye faili za asili. Shotcut ni rahisi zaidi kujifunza lakini hulemewa haraka tabaka za sauti zikiwa nyingi, na nyinyi mtakuwa nazo nyingi.

Rekodini kwa 1080p, yaani HD kamili, ambayo ni ndogo kuliko 4K. Simu inayorekodi 4K kwa megabiti 50 kwa sekunde hula takriban GB 22 kwa kila saa ya picha ghafi, na hakuna atakayeiona tofauti kwenye projekta ya shule.

lenzi_ya_nairobi

Je, mbona hakuna aliyetaja CapCut, programu ya kuhariri kwenye simu? Wanafunzi wangu huijua hata kabla ya kufundishwa, na kwa rununu inakwenda vizuri.

mhariri_mpole (Arusha)

Ni kweli, dada, kwa video ya dakika moja ya mtandaoni haina mshindani. Shaka yangu ni kwamba kazi hukaa kwenye simu ya mtu mmoja, vipengele kadhaa vimehamishiwa kwenye toleo la kulipia, na kulinganisha sauti ya nje shoti baada ya shoti kwa kidole ni mateso. Naikubali kwa kutengeneza tangazo la filamu.

msimamizi_2

Nyongeza fupi ya kisheria. Kwa Tanzania Bara, utengenezaji na uonyeshaji wa filamu husimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, kwa hiyo mwalimu awasiliane nao mapema kuhusu kibali, hasa kama filamu itatoka nje ya uzio wa shule. Wazazi wa waigizaji walio chini ya miaka 18 watie saini. Muziki wa redioni usitumike bila ruhusa ya wenye haki. Kama mna wanafunzi wanaopiga ngoma, warekodini wao.

mlezi_wa_klabu (Tanga)

Nimekaa na wanafunzi jana na tumekubaliana. Tutapiga picha kwa simu tuliyo nayo kwa fremu 25 na shata 1/50, na fedha zitakwenda kwenye maikrofoni mbili za kubana, kofia ya upepo, stendi ya miguu mitatu, kichujio cha ND na diski ya nje. DSLR tutaiomba kwenye bajeti ya mwakani, maana hoja ya dada wa Nairobi kuhusu kujifunza mwanga bado ina uzito, na kwa jiko tutaongeza balbu mbili nje ya fremu. Kdenlive imekwisha kuwekwa kwenye kompyuta nne. Tatizo la sasa ni kwamba faili moja ya majaribio inakataa kuingia kwenye flashi ingawa nafasi ipo tele.

bwana_fremu (Dar es Salaam)

Faili hiyo bila shaka imezidi GB 4, na flashi imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi faili ambao haupokei faili moja kubwa kuliko hapo. Hamisheni kwanza kilichomo, kisha muifomati upya kwa exFAT. Diski ya nje mtakayonunua iangalieni vilevile kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi, na picha za kila siku zikae mahali pawili kabla hamjafuta chochote kwenye simu.