Naomba ushauri: kusafirisha bidhaa za mikono kutoka Mikindani hadi Dar

NyumbaHaijaisha
Wakuu salaam. Nipo Mtwara tangu Alhamisi, nilikuja harusini Chikongola, harusi imekwisha mimi nimebaki. Jana nikapanda daladala hadi Mikindani kutembea tu, nikajikuta nanunua: mikeka miwili ya ukindu, vikapu, na kinyago cha ujamaa, vile vya watu waliobebana mabegani. Sasa kuna bidhaa nyingine ya mikono, ni kubwa kidogo. Mizigo ya Dar inakwendaje, kwa basi au fuso? Na njiani wanasumbua? Nina hadi Jumatatu.

KoroshoMbichi
Kwenye basi bei hutajwa kondakta akishakutazama viatu. Kinyago kifunge kwenye khanga ukipakate, usikubali kiwekwe karibu na injini. Mpingo ukipata joto la ghafla unapasuka. Halafu "kubwa kidogo" ndiyo kiasi gani?

BintiNewala
Kabla ya usafiri, una uhakika hicho kinyago ni mpingo? Mimi ni Mmakonde, babu alikuwa anachonga, na bado nilipigwa Dar mchana kweupe. Nilinunua mama na mtoto, weusi unang'aa. Nikafika nyumbani nikakifuta vumbi kwa kitambaa kibichi, kitambaa kikawa cheusi kama soli. Kumbe kiwi! Kwarua kidogo chini kwenye kitako. Mpingo ndani ni mweusi au kahawia nzito, na ile sehemu ya nje ya mti ni nyeupe yenye umanjano. Au kitumbukize kwenye ndoo, mpingo unazama.

Shemeji_wa_Lindi
Mtumbukize na muuzaji, ukweli utaelea.

NyumbaHaijaisha
Asante dada, nimekwarua, ni mpingo. Ila swali langu ni usafiri.

MzeeWaBandariYaZamani
Mleta mada, tangu lini mtu aliyebeba mikeka akauliza kama atasumbuliwa njiani? Mikeka haisumbuliwi. Taja ulichonunua, tusaidiane.

NyumbaHaijaisha
Ni mlango.

KoroshoMbichi
Mlango?

NyumbaHaijaisha
Mlango wa nakshi wakuu, wa zamani, mbao mbili na miimo yake na kizingiti cha juu. Najenga Kibaha, nyumba imefika kwenye lenta, na tangu zamani nilitamani mlango wa Kiswahili sebuleni. Kuna nyumba ya mawe kule Mikindani paa limeshaanguka, ndani umeota mpapai. Jamaa akasema anauza mlango kwa milioni mbili na nusu. Ni mpingo mtupu, una nakshi za mawaridi na mnyororo ukizunguka pembeni. Nisipouchukua mimi utaliwa na mchwa au utakuwa kuni za pweza. Kwa hiyo msinihukumu, naomba bei ya fuso tu.

MzeeWaBandariYaZamani
Hapo sasa. Binti yangu, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataja milango kwa jina kabisa: mlango au miimo ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940 ni kitu kinacholindwa. Hayo si mapatano yako na mtu uliyemkuta kibarazani. Nenda kwa watu wa Mambo ya Kale kwanza, ndipo uulize fuso.

NyumbaHaijaisha
Nani kasema ni wa kabla ya 1940? Haukuandikwa mwaka.

MzeeWaBandariYaZamani
Wewe ndiye uliyesema wa zamani, ukalipia uzamani.

ChandeMpole
Hii inanikumbusha lipiko la babu. Mnaojua mnajua: barakoa ya kuchezea ngoma ya jando, ya mti mwepesi, ina nywele za mtu kweli. Babu alipofariki nikaja nalo Dar, nikalitundika juu ya televisheni nikiona mapambo. Bibi akaja kututembelea. Alifika mlangoni, akaliona, akageuka. Siku tatu alikula jikoni, alilala chumbani kwa watoto, sebuleni hakukanyaga. Hakugomba. Siku ya nne mke wangu akalifunika khanga, bibi akaja akakaa akaomba chai. Mpaka leo lipo ndani ya sanduku na hatujalizungumzia.

BintiNewala
Dah. Chande, lirudishe nyumbani.

ChandeMpole
Kwa nani? Aliyekuwa analicheza ndiye aliyefariki.

MwanaharakatiWaMawe
Wote mnanishangaza. Boma la Mikindani walilojenga Wajerumani 1895 lilikuwa gofu, likakarabatiwa, leo watu wanapiga nalo picha. Wangekuja kina mleta mada mapema wakang'oa milango kwa sababu "itaoza", angekarabati nani na angekarabati nini? Tunang'oa mji kipande kipande, kesho tunalalamika watalii hawaji. Nenda kwa fundi, wapo, mpe kazi ya mlango mpya. Ndiyo maana ya bidhaa za mikono: mkono uwe bado hai.

NyumbaHaijaisha
Niliuliza fundi, akasema miezi minne. Na huyu jamaa nilishampa laki nane.

KoroshoMbichi
Laki nane!!! Bila maandishi?

NyumbaHaijaisha
Aliniandikia kwenye kipande cha daftari. Ni mtu mzima, alinikaribisha madafu.

Shemeji_wa_Lindi
Madafu ya laki nane. Nazi za huko zimepanda.

FundiSeremalaNangurukuru
Samahani, nimesoma uzi wote kimya lakini hapa nakataa. Hii ni chai, tena imezidi tangawizi. Mlango wa mbao mbili wa MPINGO MTUPU? Mpingo ni mti mwembamba, unakua polepole miaka 70 hadi 100 ndipo uwe wa kuvuna, na wakati huo ndani mara nyingi una tundu na mikunjo. Ndiyo maana hutoka vinyago, fimbo, na zile klarineti za Wazungu. Ubao mpana wa mlango utautoa wapi? Milango ya pwani ni msaji, mfenesi, mvule, mninga. Ama mleta uzi hajauona huo mlango, ama ni dalali anatafuta wateja kwa mlango wa nyuma. Uzi bila picha.

KoroshoMbichi
Kweli bana. Na mbona amekwarua kinyago upesi vile, kisu alikuwa nacho?

MwanaharakatiWaMawe
Nilihisi. Nimelia bure.

NyumbaHaijaisha
Jamani! Jamaa ndiye aliyesema mpingo, mimi nimeona ni mweusi nikaamini, kumbe labda ni moshi na mafuta ya miaka. Nafanya kazi ya uhasibu, miti nitaijulia wapi? Picha simu yangu haipandishi, mtandao wa hapa nyumba ya wageni ni wa kubembeleza. Ila sikilizeni kama ni chai: ubao wa kulia una mawaridi manane, wa kushoto saba, la nane limeziba kwa bati. Mfaa, ule mti wa katikati, haupo, wameweka bomba la maji lililokatwa, limefungwa kwa waya. Na chini kushoto mtu kachonga jahazi kwa kisu, dogo, kama mtoto.

FundiSeremalaNangurukuru
Mfaa bomba? Hilo mtu halitungi.

PwezaWaJioni
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Huo mlango naujua. Jahazi alilichonga kaka yangu tukiwa darasa la tatu, alichapwa. Dada, aliyekupa madafu ni mwenye ndevu nyeupe, shati la mikono mirefu hata juani?

NyumbaHaijaisha
Ndiye. Shati la bluu.

PwezaWaJioni
Huyo alikuwa mpangaji wa chumba cha uani. Nyumba ni ya warithi, nijuavyo mimi hawapungui tisa, wengine wapo Pemba, na bibi mmoja yuko hapa hapa, nyumba ya tatu ukielekea baharini. Hajaulizwa na mtu.

Shemeji_wa_Lindi
Na wewe umejiunga leo. Chai juu ya chai.

PwezaWaJioni
Amini usiamini. Dada, asubuhi nenda kwa huyo bibi, ukaingie na sukari.

KoroshoMbichi
Dada upo?

BintiNewala
Shoga, jibu basi.

NyumbaHaijaisha
Nipo. Nimempigia jamaa, kapokea mtoto. Anasema babu ameondoka alfajiri kwenda Lindi kununua nyavu.

KoroshoMbichi
Nyavu za laki nane.

NyumbaHaijaisha
Ngojeni kwanza nimpigie wa fuso, nilimwambia aje na mafundi wawili na mtaimbo.