Mtu usiyemjua akikuuliza "kamera gani hiyo", wewe unamjibuje?

kina_kifupi

Wakuu habari zenu. Mimi napiga picha chini ya maji, sio kazi, ni hobi tu. Sasa watu nisiowajua wakiona picha zangu wananifuata inboksi na swali moja lile lile, kamera gani hiyo. Nikiwatajia jina wanashukuru wanapotea, baada ya muda wanarudi wamenunua kamera ile ile na picha zao zote bluu tupu, samaki haonekani, na lawama ni zangu. Nikisema basi nieleze vizuri najikuta nimeandika gazeti zima, mwanga, flashi, oringi, namna ya kuelea, mtu anasoma anakaa kimya mpaka leo. Nyie mnaowapa watu wa mtandaoni ujuzi wenu, kitu cha kwanza kabisa mnampa nini? Sio lazima iwe picha, hata kama unafuga nyuki au unapiga bitiboksi (midundo ya ngoma kwa mdomo) njoo tu.

mdomo_ngoma

Umeniita mkuu, bitiboksi nipo. Huku kwetu swali ni "unatumia maiki gani", ugonjwa ni ule ule. Mimi maiki sitaji kabisa. Namwambia sema "pita kati, pita kati, pita kati" bila kukatisha, taratibu, halafu anza kuzila zile irabu mpaka zibaki p t k t peke yake. P ni ngoma ya besi, t ni yale matoazi madogo ya pembeni, k ndio sneya, ile ngoma ya mlio mkali. Hapo hapo ana mdundo mdomoni, hajanunua chochote, na asipoacha mwenyewe basi watu wa nyumbani kwake watamwachisha 😂

Akirudi (na wanarudi kweli) anakuja na swali la pili, mbona naishiwa pumzi. Hapo ndio namwambia kwamba anasukuma p kutoka mapafuni kama anazima mshumaa na sivyo inavyotakiwa. Funga koo kama unataka kubeba kitu kizito, bana midomo, ule upepo mdogo uliobaki mdomoni ndio unaolipuka. Mapafu hayahusiki. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California walimweka mpiga bitiboksi ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili, wakamrekodi huku anapiga, ilichapishwa 2013, wakakuta anatoa sauti za kugonga ulimi kama za Kixhosa na sauti nyingine za koo kufungwa ambazo ziko kwenye lugha ambazo yeye hazijui kabisa. Yaani mdomo umezigundua wenyewe. Na ile k unaweza kuipiga kwa kuvuta hewa ndani badala ya kutoa, ndio maana unamwona mtu anapiga mfululizo hasimami kupumua, kumbe anapumua kwenye sneya.

Ila hayo yote ukimwaga siku ya kwanza umempoteza. Mpe kitu cha kufanya na alichonacho tayari, maelezo atayadai mwenyewe.

fundi_lenzi

Nimeipenda hiyo. Sasa "pita kati" ya picha za majini ni ipi? Mimi nasema ni maneno mawili, SOGEA KARIBU. Basi. Usimwambie kingine.

Sababu unazijua ila naziweka kwa wanaopita hapa. Maji yanakula rangi na yanaanza na nyekundu, ukifika mita 5 nyekundu nyingi imeshaondoka, chungwa inafuata, ndio maana kila kitu kinakuwa bluu au kijani. Na kinachohesabika sio kina peke yake, ni safari yote ya mwanga, kutoka juu mpaka kwa samaki halafu kutoka kwa samaki mpaka kwenye lenzi yako. Uko mita 3 chini, samaki yuko mita 3 mbele yako, mwanga umetembea kama 6, rangi itoke wapi? Tena jicho linadanganya, maji yanapinda mwanga kwa hiyo kitu kinaonekana kama robo ya safari karibu zaidi ya kilipo, unaona samaki yuko mita 1 na nusu kumbe yuko 2. Mgeni anadhani kasogea, bado. Na vile vidoti vyeupe vinavyojaa kwenye picha ukiwasha flashi, ni uchafu unaoelea katikati yako na samaki, ukipunguza maji ya katikati unapunguza na vidoti. Halafu usiibandike flashi juu ya lenzi, ipeleke pembeni kwenye kile kishikio chake kirefu.

Wale wa filta nyekundu, ile ya kuweka mbele ya lenzi, pia wanisikie, filta haiongezi nyekundu, inachuja bluu tu ili ibaki sawa na nyekundu kidogo iliyopo. Kama nyekundu imeshaisha huna cha kusawazisha. Na ukiwasha flashi, filta itoe.

kasa_mzee

Sogea karibu sogea karibu mpaka mtu akalie matumbawe. Mimi ningemuuliza kwanza kama anajua kutulia majini, haendi juu haendi chini, bila kamera. Kama bado, hakuna picha. Mtu mwenye kamera anasahau miguu yake iko wapi, anapiga teke kitu kilichochukua miaka kuota.

kina_kifupi

Kasa hapo umenigusa maana hilo la kuelea huwa naliweka mwisho kabisa kwenye gazeti langu. Lakini fundi naye ana pointi, wengi wanaoniuliza hata mtungi wa hewa hawana, wanazama kwa pumzi zao wenyewe maji ya kina kidogo.

papa_wa_bwawa

Mimi ni mmoja wao, sina mtungi. Tip yangu kwa wasio na mtungi, kabla ya kuzama pumua haraka haraka kwa nguvu mara nyingi mpaka usikie kichwa chepesi, ukizama hamu ya kupumua inachelewa sana unapata muda wa kulenga vizuri.

kasa_mzee

HAPANA. Naomba asiyejua asome na hii kabla hajaijaribu hiyo. Kinachokufanya utamani kupumua sio oksijeni kupungua, ni kabonidayoksaidi kujaa. Ukipumua haraka haraka hivyo unaifukuza kabonidayoksaidi lakini oksijeni huongezi cha maana. Kwa hiyo kengele umeizima, mafuta hujaongeza. Oksijeni inaisha bila wewe kusikia chochote, unazimika ghafla, mara nyingi ukiwa unapanda au umebaki kidogo kufika juu, na unazimika hata kwenye bwawa la kuogelea. Pumua kawaida, tulia, vuta moja ya mwisho, zama muda mfupi, pumzika juu muda mrefu kuliko uliokaa chini. Na usizame peke yako, awepo mtu juu anayekuangalia wewe, sio anayeangalia simu.

Wenye mitungi kwenu ni kinyume, msibane pumzi kabisa, hata kama samaki anakimbia. Hewa uliyovuta mita 10 inataka nafasi mara mbili ukifika juu, na mapafu sio puto.

papa_wa_bwawa

Mbona mimi nafanya siku zote na sijawahi kuzimia?

mdomo_ngoma

Papa bro kwenye bitiboksi nikikudanganya utaamka na koo bovu na midomo imechanika, kesho kutwa umepona. Huku kwenu naona ni habari nyingine. Mimi hata kuogelea sijui lakini hiyo ya kichwa chepesi imenitisha, kina_kifupi kama unaweza hiyo post iwekee onyo juu kabisa maana mtu anaweza kukopi hiyo tip bila kushuka mpaka kwa kasa.

kina_kifupi

Nimeshamwomba modi aiweke. Papa sio vita na wewe, ila hiyo hapana.

mgeni_kimya

Samahani nadandia. Mimi ndio huyo mtu wa inboksi mnayemsema, nilikuwa nasoma tu. Kasha la kamera nimeshanunua (sitaulizia jina 😅), naliogopa kweli hata kulitia majini. Nifanye nini ili kamera isife siku ya kwanza?

kina_kifupi

Karibu sana. Siku ya kwanza kamera isiingie majini kabisa. Funga kasha tupu, weka ndani kipande cha tishu, lizamishe kwenye beseni kisha ukipata nafasi lipeleke na kina kidogo, uangalie kama kuna mlolongo wa mapovu. Toa, likaushe nje vizuri, fungua, shika tishu. Ikiwa kavu ndio uanze kufikiria kamera.

Kinachozuia maji pale ni oringi, ule mpira wa duara kwenye mlango. Unywele mmoja au punje ya mchanga imelala juu yake inatosha kupitisha maji. Itoe kwa vidole au kwa kitu butu, usitumie kitu chenye ncha, ifute, pitisha kidole taratibu uone kama ina mkato, safisha na mfereji wake, halafu paka grisi ya silikoni kidogo sana, ing'ae tu. Watu wanapaka grisi nyingi wakidhani ndiyo inayozuia maji. Haizuii, kazi yake ni mpira ukae vizuri usijikunje, na ikizidi inakamata uchafu. Angalia pia kamba ya mkononi isibanwe mlangoni, hiyo inawapata wengi. Ukitoka baharini usiache kasha likauke na chumvi, liloweke kwenye maji baridi yasiyo na chumvi muda wa kutosha huku unabonyeza vitufe vyote, chumvi inajificha humo.

mgeni_kimya

Kwa hiyo tishu ikilowa pembeni kidogo tu?

fundi_lenzi

Imevuja hiyo, hakuna kidogo. Rudia oringi upya, kisha jaribu tena kasha tupu.