Vifaa vya dharura vya bei rahisi: navijaribuje kabla siku yenyewe haijafika?

Baba_Watatu

Habari zenu wadau. Naomba ushauri, na wenye uzoefu msinionee huruma.

Nyumbani tuko watano: mimi, mke wangu na watoto watatu. Mkubwa ana miaka 11, wa kati 7, na wa mwisho hajafikisha miwili. Kuna usiku mvua ilinyesha vibaya, umeme ukakatika, maji yakaanza kuingia mlangoni. Tochi ya nyumba nilipoipata, betri zilikuwa zimevuja ute wote ndani. Tulimulika kwa simu yenye chaji asilimia 9. Salama tulitoka, lakini ile aibu mbele ya wanangu sijaisahau.

Basi nikaanza kukusanya mfuko wa dharura. Kwa kuwa mfuko wangu wa pesa ni mwembamba, nimenunua vitu vidogovidogo vya bei ya chini: tochi mbili, blanketi za dharura zile za kung'aa (pakiti ya tano), vichujio vya maji vya kunyonyea kama mrija, pawabanki iliyoandikwa miliampia 20,000, redio ya kuzungusha kwa mkono, filimbi, na kisanduku cha huduma ya kwanza kinachoingia kiganjani. Vyote vinaenea kwenye begi moja la mgongoni, na nilijisikia mshindi kweli.

Juzi nikajaribu pawabanki. Ilijaza simu yangu mara moja, ya pili ikafika nusu ikafa. Ushindi ukaisha hapohapo. Sasa najiuliza vingine vikoje. Vingine ukivifungua kuvijaribu ndiyo umeviharibu. Nyie mnafanyaje? Na kipi hasa nisibanie pesa?

Kurunzi

Mkuu, hiyo pawabanki ungeikamata kwa mkono tu kabla hata ya kuichaji. Yenye miliampia 20,000 za kweli ina uzito wa gramu 350 hadi 450 hivi, maana betri ni mzigo. Ukiinyanyua ukaona nyepesi kama kiberiti, humo ndani kuna seli moja na hewa.

Hata ya kweli, usitegemee namba ya kwenye boksi. Ile 20,000 hupimwa kwa volti 3.7 za seli, wakati simu inapokea kwa volti 5, na njiani kuna nguvu inayopotea kama joto. Kwa simu yenye betri ya miliampia 4,000, ukipata mara tatu na kitu hujaibiwa. Mara moja na nusu, umeibiwa.

Tochi: weka betri mpya, isimamishe mezani ikitazama dari, kaa chumbani na kitabu. Kila baada ya saa moja jaribu kusoma ukurasa. Saa utakayoshindwa kusoma ndiyo umri halisi wa tochi yako. Namba za lumeni (kipimo cha mwanga) kwenye tochi za bei ya chini wanajiandikia tu. Ukimaliza, TOA BETRI, zihifadhi pembeni kwenye kifuko chake. Betri za alkali zikikaa ndani ya kifaa miezi na miezi ndizo zinazovuja, na wewe umeshaonja. Ukiweza, nunua za lithiamu zisizochajiwa. Bei iko juu ila hukaa zaidi ya miaka 10 na si rahisi kuvuja.

Mama_Pacha

Baba Watatu pole. Mimi nitauliza swali la kizembe: maji yako wapi kwenye hiyo orodha?

Kipimo cha kawaida ni lita 4 kwa mtu mmoja kwa siku, kunywa na usafi mdogo, na angalau siku tatu. Watano mara nne mara tatu, lita 60. Hizo ni kilo 60! Hakuna begi la mgongoni la kubeba hicho. Kwa hiyo gawa mawazo mara mbili. Kuna akiba ya kukaa nyumbani, hiyo ni madumu, na kuna begi la kukimbia nalo, hilo linabeba chupa chache na njia ya kutibu maji mtakayoyakuta. Watu wengi wanaingia kwenye kosa hili la kutaka kila kitu kiwe kidogo. Maji hayakubali kuwa madogo.

Fundi_Kimya

Umeme ukikatika kwa siku nyingi mimi huwasha jiko la mkaa ndani, napika na nyumba inapata joto. Jiko moja kazi mbili. Hizo tochi na mablanketi ya plastiki ni kupoteza hela.

Muuguzi_wa_Zamu

@Fundi_Kimya tafadhali acha hiyo, na usimshauri mtu mwenye watoto. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu. Haina harufu, haina rangi, na mtu hulala akidhani ni uchovu. Jiko la mkaa ni la nje, hata kama ndani mmefungua dirisha.

Nirudi kwa Baba Watatu. Kisanduku chako cha kiganjani nakijua bila kukiona: plasta ishirini, vipamba viwili vya spiriti, kimkasi kisichokata uzi. Si vibaya, plasta ndizo zitatumika zaidi. Ongeza glavu, shashi nyingi, bandeji pana, na dawa za kila siku za mwenye maradhi nyumbani kama yupo, pamoja na dozi za watoto zilizoandikwa kwa uzito wao.

Umeuliza usibanie wapi. Kama umewahi kufikiria kununua mkanda wa kukaza wa kuzuia damu, usinunue wa bei ya kutupa. Kijiti chake cha plastiki huvunjika ukikaza sawasawa, yaani unavunjika wakati pekee unapohitajika. Na ukiwa na mzuri, wa kufanyia mazoezi uwe mwingine, maana ukikazwa mara nyingi unachoka. Kama pesa haitoshi, jifunzeni kukandamiza jeraha moja kwa moja kwa mikono miwili na kitambaa safi, bila kuchungulia kila dakika. Mtoto wa miaka 11 anaweza kujifunza hilo.

Baba_Watatu

Dah, maji. Kweli kabisa, nilikuwa najidanganya na ile mirija. Naiaminije sasa? Mtu mmoja aliniambia nitie rangi ya chakula kwenye maji ninyonye, yakitoka meupe kichujio ni kizima.

Kurunzi

Hapana mkuu, hicho kipimo hakikuambii kitu. Chembe za rangi ni ndogo mno kuliko bakteria. Kichujio kizuri chenye vitundu vya mikroni 0.1 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kinaweza kupitisha rangi huku kikizuia bakteria, na kingine kibovu chenye mkaa kikanasa rangi na kupitisha wadudu wote. Virusi vingi navyo hupenya vichujio vya namna hiyo. Nyumbani huwezi kupima vijidudu, kubali tu.

Unachoweza kupima ni kama mtoto wako wa miaka 7 ana pumzi ya kunyonya maji kupitia humo. Wangu alishindwa, akalia. Ukishakilowesha, kikaushe vizuri kabla ya kukirudisha, na kama mnaishi penye baridi kali jua kwamba kikiganda nyuzi zake za ndani hupasuka na nje huoni dalili yoyote.

Mama_Pacha

Ndiyo maana mimi natumia njia za zamani. Kuchemsha: yakitokota kwa nguvu dakika moja yanatosha, mkiwa juu ya mita 2,000 iwe dakika tatu. Kuni au gesi zikikosekana, klorini ya kufulia isiyo na manukato wala rangi. Ile ya asilimia 5 hadi 6, matone mawili kwa lita moja, koroga, subiri dakika 30. Maji yakiwa na tope yachuje kwanza kwa kitambaa kisha weka matone manne. Baada ya hapo nusa: lazima kuwe na kaharufu kwa mbali. Hakuna? Rudia dozi, subiri dakika 15 nyingine. Soma lebo, kwa sababu nyingine ni kali zaidi na matone yanapungua.

Chupa ndogo ya kudondoshea ndiyo kifaa changu cha bei rahisi kuliko vyote. Ila ibandike tarehe na ibadilishe kila mwaka, klorini inapoteza nguvu ikikaa. Na ifungwe mbali na watoto, hasa huyo wa mwisho.

Mlala_Nje

Blanketi hizo nimezilalia mara kadhaa milimani. Wauzaji wanapenda kusema ni za wanaanga, na kweli teknolojia yake ilitoka NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 1964. Lakini ile karatasi haitengenezi joto, inarudisha tu joto la mwili wako. Ukiitandika peke yake juu ya sakafu ya saruji, sakafu inakunyonya vilevile. Chini weka kadibodi au nguo, juu yako iwe na nafasi kidogo. Asubuhi utajikuta umelowa kwa mvuke wako mwenyewe, usishangae.

Una tano, toa moja kafara. Ilalie usiku mmoja. Ikunje asubuhi uone kama itarudi kwenye kifuko chake (haitarudi). Kisha ikate kidogo pembeni kwa mkasi na uivute: inachanika mpaka mwisho kama gazeti. Ukishaona hivyo utaelewa kwa nini begini unahitaji gundi ya utepe.

Filimbi chagua isiyo na kipira ndani. Ya kipira ikilowa inaweza kunyamaza.

Muuguzi_wa_Zamu

Nyongeza moja tu. Jaribu vifaa ukiwa na mikono iliyolowa, taa zimezimwa, na anayevitumia asiwe wewe uliyevinunua. Wewe unajua swichi iko wapi.

Baba_Watatu

Wadau nimerudi na ripoti. Ijumaa saa 12 jioni nilishusha swichi kuu, nikafunga na bomba, mpaka Jumamosi saa 12 jioni. Mke wangu alidhani natania hadi alipotaka kupasha chakula.

Kwanza, begi lenyewe. Nilimwambia mkubwa alete. Lilikuwa nyuma ya kabati, chini ya sanduku la nguo za zamani. Dakika nne gizani! Sasa linaning'inia karibu na mlango.

Tochi ya kwanza ilisomesha saa tano, ya pili haikumaliza mbili. Hiyo ya pili nimewapa watoto wachezee. Lakini hata nzuri ilinishinda saa 8 usiku, mdogo alipochafua nepi: nilimbadilisha nikiwa nimeing'ata kwa meno. Nanunua ya kuvaa kichwani, hilo halina mjadala.

Redio: nikizungusha dakika moja inaongea dakika tatu hivi. Wa kati akajitolea kuzungusha, mpini ukabaki mkononi mwake. Ilikuwa kipande cha plastiki chembamba kama kucha. Nimeamua kutafuta inayotumia betri sawa na za tochi, niwe na aina moja ya betri nyumba nzima.

Mirija: mimi na mkubwa tuliweza, wa kati alishindwa kama mtoto wa Kurunzi. Klorini ilifanya kazi, harufu ilikuwepo kwa mbali kama alivyosema Mama Pacha, ila mke wangu kasema matone ahesabu mtu mmoja tu, kwa sababu nilikuwa nahesabu huku naongea na simu.

Blanketi nililalia mimi. Joto lipo, kadibodi chini imesaidia, ila kila nikigeuka ilikuwa kama mtu anafungua pipi ndani ya msikiti. Mdogo aliamka mara mbili.

Na kubwa kuliko yote: chakula cha akiba nilichokuwa najivunia kilikuwa makopo sita. Kifungua kopo hakikuwemo.

Fundi_Kimya

Hahaha mkuu, kijiko cha chuma ukikisugua pembeni ya kifuniko kinafungua. Jiko nimelitoa nje, muuguzi asije akanitafuta.

Baba_Watatu

Ndicho nilichofanya. Dakika kumi na moja, na vijiko viwili vimepinda.