Kahawa ya asubuhi inanichangamsha kidogo tu, kisha nachoka zaidi. Naombeni ushauri

Alfajiri Njema:
Habari zenu wakuu. Naomba mawazo yenu kuhusu kahawa ya asubuhi, maana jambo hili limeanza kunisumbua kwelikweli.

Ratiba yangu iko hivi. Nikiamka tu, kabla sijatia kitu kingine tumboni, nakunywa kikombe kikubwa cha kahawa nzito, sukari vijiko vitatu. Baada ya nusu saa nimechangamka, kazi inakwenda. Ikifika saa nne mwili unalegea, mikono inatetemeka kidogo, njaa inauma na akili haitulii. Naongeza kikombe cha pili, sukari ile ile. Cha tatu ni saa kumi jioni, kwani bila hicho siku haiishi. Usiku napata usingizi saa saba, tena wa mang'amung'amu, na asubuhi naamka kichwa kizito nikiitafuta kahawa tena.

Kuacha kabisa sitaki. Napenda harufu yake na ule utulivu kabla watu wa nyumbani hawajaamka. Nipunguze nini, niongeze nini, na ninywe saa ngapi? Sina ugonjwa ninaoujua, ila kiungulia hunijia mara moja moja.

Mama Zuhura:
Mpendwa, anza na sukari kabla hujailaumu kahawa. Kijiko kimoja cha chai, tena cha kusawazishwa, kina kama gramu 4. Vitatu kwa vikombe vitatu ni gramu 36, na kama unavijaza ni zaidi ya hapo. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari tunayoongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni takriban gramu 25. Wewe umezipita kwa kahawa peke yake.

Halafu unainywa tumbo likiwa tupu. Hakuna protini, hakuna nyuzinyuzi, kwa hiyo sukari inaingia kwenye damu kwa kasi na kushuka kwa kasi. Hiyo njaa ya saa nne sishangai. Kula kwanza, hata kidogo: yai, mtindi usiotiwa sukari, karanga na tunda. Sukari usiikate siku moja, utaichukia kahawa yako. Punguza nusu kijiko, ulimi ukizoea punguza tena. Mdalasini kidogo husaidia sana.

Kitabu Wazi:
Namuunga mkono Mama Zuhura kuhusu sukari, ila mtetemeko wa mikono unaweza kuwa wa kafeini yenyewe, hasa kahawa ikiwa nzito na tumbo tupu.

Mkuu, kafeini haitengenezi nguvu. Tangu unapoamka, ubongo unajikusanyia kemikali iitwayo adenosini, nayo ikishika vipokezi vyake unahisi uchovu. Kafeini inafanana nayo kwa umbo, basi inawahi vipokezi hivyo na kuvikalia. Ni mtu aliyekalia kiti cha mwenzake: akiinuka, mwenye kiti alikuwa amesimama pale pale akisubiri. Uchovu haukuondoka, uliahirishwa.

Sasa angalia kikombe chako cha saa kumi jioni. Kwa mtu mzima wa kawaida, kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu. Watu wanatofautiana: wavuta sigara huiondoa haraka zaidi, wajawazito na wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango huiondoa polepole. Kwa hesabu ya saa 5, saa tatu usiku bado una nusu yake, na saa saba unapolala imebaki zaidi ya robo. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ambapo miligramu 400 za kafeini, hata zilipomezwa saa 6 kabla ya kulala, zilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa nzima.

Kwa maoni yangu tatizo lako si kahawa ya asubuhi. Ni ya jioni. Hiyo ndiyo inayokula usingizi, na usingizi ulioliwa ndio unaoifanya ya asubuhi iwe nzito hivyo. Kikombe cha mwisho kiwe kabla ya saa saba mchana, halafu uone asubuhi zako zinavyobadilika.

Chapa Kazi:
Mimi nasubiri dakika 90 baada ya kuamka ndipo nainywa. Wanasema homoni ya kortisoli inakuwa juu asubuhi, kwa hiyo kahawa ya mapema haina faida na ndiyo inayoleta uchovu wa saa nne. Mimi imenifaa.

Kitabu Wazi:
Chapa Kazi, kama imekufaa endelea nayo. Ni kweli kortisoli hupanda na kufikia kilele kama nusu saa hadi dakika 45 baada ya kuamka. Lakini hoja kwamba kusubiri dakika 90 kunazuia uchovu wa baadaye haina ushahidi wa kutosha, na nisingependa mtu ajitese nayo. Faida naiona kwingine: ukisubiri unapata nafasi ya kunywa maji, kula na kutoka nje upate mwanga wa jua. Huo mwanga wa asubuhi unaisaidia saa ya mwili, na saa hiyo ikipangika vizuri hata usingizi wa usiku unawahi.

Nuru ya Jiko:
Hakuna aliyeuliza anaitengenezaje! Kahawa ya kuchemsha ikanywewa bila kuchujwa ina mafuta mawili, kafestoli na kahweoli, yanayopandisha lehemu mbaya kwenye damu. Chujio la karatasi huyazuia karibu yote. Kikombe kimoja siku moja moja si hoja, lakini kwa mtu wa vikombe vitatu kila siku miaka nenda rudi, ningechuja.

Angalia na aina ya buni. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Ukibadilisha buni tu, umepunguza kafeini na kikombe ni kile kile.

Jambo jingine, usiinywe ikiwa inaunguza. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, kwa sababu ya saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Tatizo ni joto, siyo kahawa. Acha ipoe dakika chache, na utaionja vizuri zaidi.

Mama Zuhura:
Niongeze kwa wanaosoma: mwenye upungufu wa damu au anayemeza vidonge vya madini ya chuma asivichanganye na kahawa, kwani inazuia mwili kufyonza chuma. Aiache mbali na mlo na dawa, walau saa moja. Anayetumia levothairoksini, dawa ya tezi ya shingo, naye asimeze na kahawa; ameze kwa maji na asubiri. Wajawazito wasipite miligramu 200 za kafeini kwa siku.

Alfajiri Njema:
Nawashukuru sana, mmenifungua macho. Sikuwahi kuihusisha kahawa ya jioni na uzito wa asubuhi. Ila nikiikosa hiyo ya jioni kichwa kinauma vibaya. Nifanyeje? Na kwa siku nzima mwisho ni kiasi gani? Kiungulia je?

Kitabu Wazi:
Hayo maumivu ni mwili kuidai kafeini. Kwa kawaida huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, na kwa baadhi ya watu huendelea zaidi ya wiki. Usikate ghafla. Changanya kahawa yako ya jioni nusu kwa nusu na iliyoondolewa kafeini, kisha ongeza hiyo isiyo na kafeini taratibu mpaka ibaki peke yake. Harufu na ladha utabaki nazo.

Kiasi: mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2015 ilisema mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 kwa siku bila wasiwasi, na si zaidi ya 200 kwa mkupuo. Kikombe cha mililita 240 cha kahawa ya kuchuja kina kama miligramu 95, lakini nzito yako kwenye kikombe kikubwa inaweza kuzidi hapo sana. Pima unga kwa kijiko, usikadirie kwa macho.

Mama Zuhura:
Kuhusu kiungulia, kahawa huamsha asidi ya tumbo, na kwa baadhi ya watu hulegeza misuli inayoziba njia ya kurudi kooni. Jaribu kuinywa baada ya kula na kwa kiasi kidogo zaidi. Kikiendelea kukujia mara mbili kwa wiki au zaidi, au chakula kikianza kukwama ukimeza, nenda hospitali ukapimwe, usijitibu kwa kubadilisha kahawa. Na moyo ukikudunda ovyo hata siku ambayo hujainywa, hilo nalo mwambie daktari.