Mto wa usufi, wa sponji au wa faiba: upi wa kutupa na upi wa kufumua?

BintiPangani (Tanga)
Assalam aleikum, na wengine habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijaingia gharama. Nyumbani tuna mito saba. Miwili ya usufi, alinishonea marehemu mama mwaka 1998 nilipokuwa naenda kuanza bweni. Mitatu ya sponji ile ya kukatwakatwa, nilinunua barabarani, sasa ina miaka minne. Miwili ya faiba aliniachia mdogo wangu alipohama, nayo ina miaka miwili hivi.

Mwanangu wa miaka tisa ana pumu, na akiamka tu anapiga chafya mfululizo. Baba yake anaamka shingo imekaza. Wifi yangu kaniambia nitupe yote, maana mto ukifika miaka miwili umekwisha. Ile ya sponji sina uchungu nayo. Ya mama roho inakataa. Mnasemaje?

FundiGodoro (Morogoro)
Waalaikum salaam dada. Kazi yangu ni kushona magodoro na mito, kwa hiyo nikujibu kwa ninachokishika kila siku. Hesabu ya miaka miwili inaufaa mto wa faiba, usiitwishe mito yote. Kila mto una dalili zake.

Wa faiba, vua foronya, ukunje katikati, ubane kidogo kisha uachie. Ukifunguka wenyewe bado unafaa. Ukibaki umekunjika, basi nyuzi zimekwisha nguvu, na huo ndio unaomkaza shemeji shingo, kichwa kinazama mpaka kinagusa godoro. Wa sponji, fungua mshono kidogo, chukua vipande viwili uvisugue juu ya kitambaa cheusi. Vikiacha unga wa manjano, sponji inaoza, na unga ule mtoto anauvuta usiku kucha. Hiyo haina dawa, tupa.

Wa usufi ni habari nyingine. Ukilala na kushika mabonge, haujafa. Unafumuliwa, unachambuliwa, unaanikwa, unaongezewa usufi mpya kidogo na kushonewa mfuko mpya. Ila nisikudanganye, usufi nao huchoka. Chukua kidonge cha usufi ukisugue vidoleni: kikinyumbuka na kuteleza, mzima, kikisagika kikawa vumbi, muda wake umefika hata kama alishona mama. Jaribu hivyo utupe majibu.

Kaka_Ilala (Dar)
Mimi natetea sponji. Bei yake nafuu, na inafulika. Ya kwangu naifua kila mwezi na kuianika juani kutwa nzima mpaka ikauke kau. Usufi ukilowa tu ni balaa.

FundiGodoro (Morogoro)
Kaka, hapo kwenye jua ndipo unapoiua. Sponji na jua haviivani. Mwale wa jua unaigeuza manjano na kuifanya ikatike kama mkate mkavu. Ifue ikichafuka sana tu, kamua kwa kuikandamiza, usiisokote, kisha anika kivulini penye upepo. Usufi ndio wa kuanika jua kali. Watu wengi wanafanya kinyume: usufi wanauficha kabatini, sponji wanaitandaza juu ya bati.

Kaka_Ilala (Dar)
Aisee. Kumbe ndiyo maana kila mwaka nanunua mpya. Asante fundi.

Baridi_Njombe
Niwape kisa changu kisije kikamkuta dada. Mwaka juzi nilipata mto wa usufi kutoka kwa bibi, ukawa na doa la mafuta ya nywele. Nikauzamisha mzima mzima kwenye beseni na sabuni ya unga. Ukaelea! Nikawa naukandamiza chini kwa mikono miwili, unapanda. Mwisho ukashika maji kwenye mfuko, katikati ukabaki na bonge gumu. Kwetu mwezi wa sita ukungu unashuka mpaka saa nne asubuhi, na jua likitoka halina makali. Siku tano haujakauka, siku ya sita ukatoa harufu ya uvundo. Nilipoufungua nikakuta madoadoa meusi ya kuvu. Nikauchoma nyuma ya nyumba, bibi sikumwambia.

Kinachofuliwa ni mfuko peke yake. Usufi wenyewe haugusi maji.

MwanaLamu
Hapo umesema kweli ndugu wa Njombe. Unyuzi wa usufi una uwazi ndani kama mrija na nta juu yake, ndiyo sababu maji hayauingii upesi. Zamani ulikuwa ukijazwa kwenye maboya ya mabaharia. Lakini mfuko wa nguo unanywa maji, na yakishanaswa katikati hayana njia ya kutoka.

Kwetu tulikuwa na msufi nyuma ya nyumba. Matunda yakipasuka tunaletewa magunia, kina mama wanakaa ukumbini na vijiti kuchambua kokwa. Kokwa zikibaki ndani unazihisi shavuni, tena zinaita panya. Dada, ukifumua mto wa marehemu usione uvivu, toa kokwa moja moja. Na mfuko wa ndani uwe marekani nzito au kitambaa cha turubai jepesi. Nguo nyepesi usufi unapenya, asubuhi mtu ana vinyuzi puani.

NesiMstaafu (Arusha)
Wanangu, mmeongea vizuri kuhusu mito, ngoja niongee kuhusu mtoto. Kinachomsumbua mwenye pumu kitandani mara nyingi ni utitiri wa vumbi, vidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyokula magamba ya ngozi tunayoyaacha tunapolala. Vinapenda unyevu na joto, na Tanga vyote viwili vipo tele. Vinakaa kwenye faiba, kwenye usufi, kwenye sponji, havichagui. Kwa hiyo binti yangu, ukinunua mto mpya leo bila kubadili utunzaji, baada ya miezi kadhaa utakuwa palepale.

Mto wa mtoto uvishe foronya mbili, ya ndani nzito yenye zipu. Ya nje ifue kila wiki kwa maji ya moto ya nyuzi 60, maana maji ya baridi yanatoa uchafu lakini utitiri unabaki hai. Kama huna mashine, chemsha maji, mimina kwenye beseni, tumbukiza foronya, funika mpaka yapoe. Asilale na nywele mbichi. Na asubuhi msitandike kitanda haraka, funua shuka na madirisha, jasho la usiku likauke kwanza.

Jambo kubwa zaidi: siku ya kufumua usufi, mtoto asiwepo nyumbani. Mpeleke kwa bibi yake au kwa jirani mpaka ufagie na kupiga deki. Vumbi la usufi wa zamani linaweza kumwamshia pumu vibaya. Wewe mwenyewe vaa barakoa. Kwa mto wake yeye ningechagua faiba mpya, kwa sababu inafulika nzima. Ya mama yako laleni ninyi wakubwa. Na dawa zake za kuvuta zisiachwe kwa kuwa mto umebadilishwa.

Kama kuna anayesoma hapa mwenye kichanga: mtoto hajatimiza mwaka, hahitaji mto wowote. Ni hatari kwa pumzi yake.

UmmuSalim (Muscat)
Shikamoo mama Nesi. Naongezea kwenye faiba, huku ndiyo tunayotumia zaidi. Mimi nafua kila baada ya miezi mitatu, mito miwili pamoja ili mashine isiyumbe, sabuni kidogo, suuza mara mbili. Sabuni ikibaki ndani, mto unakuwa mgumu na kuwasha ngozi. Kwenye kikaushio natia mipira miwili safi ya tenisi, inaupigapiga faiba isishikane. Msio na kikaushio, uanikeni kitako, geuzeni kila baada ya saa moja na kuufumbata kwa mikono. Na msiuvishe foronya mpaka katikati pakauke: tia mkono, bonyeza, nusa.

Baridi_Njombe
Mama Nesi, sisi tusio na jua tufanye nini? Nikaushe kwa pasi?

NesiMstaafu (Arusha)
Pasi ya moto kwenye foronya inasaidia, ila mto wenyewe usiupige pasi, na usufi usiusogeze karibu na jiko wala mshumaa, unashika moto upesi sana. Subiri siku ya jua, mto mmoja kwa wakati. Masika usifue mito kabisa, fua foronya tu.

FundiGodoro (Morogoro)
Nyongeza kwa dada: usufi uliofumuliwa usiuanike wazi, upepo utaupeleka kwa majirani. Uweke ndani ya chandarua kikuukuu, ufunge mdomo, tandaza juu ya mkeka. Jua linaingia, upepo hauchukui kitu. Kila baada ya muda uutikise, kokwa na vumbi vinashuka chini.

BintiPangani (Tanga)
Narudi na majibu, samahani nimechelewa. Jumamosi mtoto alilala kwa shangazi yake. Faiba zote mbili ukikunja hazirudi, nimetupa. Sponji nilisugua juu ya kanga nyeusi, ikaacha unga kama wa bizari. Nayo nimetupa, yote mitatu.

Mito ya mama niliifumua barazani. Mshono wake ule wa mkono, mdogomdogo, uzi mweusi kwa sababu mweupe ulimwishia, nakumbuka siku ile. Nilikata polepole nikauweka uzi pembeni. Ndani juu palikuwa na mabonge na rangi ya chai, lakini katikati usufi mweupe unateleza vidoleni kabisa kama fundi alivyosema. Kokwa nilizotoa zilijaza kikombe cha kahawa. Uliosagika nimetupa, na uliobaki umekaa juani ndani ya chandarua siku mbili, sasa umevimba kuliko nilivyoukuta.

Tatizo, unatosha mto mmoja na nusu. Mtoto nimemnunulia faiba na foronya ya zipu. Fundi, nikichanganya usufi mpya na wa zamani kwenye mfuko mmoja utashikana, au niweke mpya katikati na wa mama juu?

FundiGodoro (Morogoro)
Changanya kwa mikono kabla ya kujaza, kidogo kidogo, mpaka usiutofautishe. Ukiweka tabaka, wa zamani utalala kwanza na mto utakuwa na bonde. Usiujaze ukabana sana, acha nafasi ya kiganja kimoja ukiushika pembeni. Na huo uzi mweusi, kama bado una nguvu, funga nao pembe ya mwisho.