Nchi ikijitoa kwenye soko la pamoja, bunge la ngazi ya chini lina nguvu gani? (Scotland, na sisi Lamu)

Kisima_cha_Langoni:
Assalaam aleikum wanabaraza. Kuna ubishi hapa mjini haujaisha tangu juzi. Kwenye kura ya maoni ya Juni 23, 2016, asilimia 62 ya wapiga kura wa Scotland walitaka kubaki Umoja wa Ulaya, na bado wakatolewa pamoja na Uingereza nzima. Lakini wana bunge lao Edinburgh, wabunge 129, linalotunga sheria zake. Lilifanya nini hasa, na lilikwama wapi?

La pili: siku Nairobi ikiamua kujitoa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bunge letu la kaunti lenye wadi 10 lina njia gani zaidi ya kupitisha hoja ya kulalamika? Naomba vifungu na tarehe, siasa tuwaachie wenyewe.

Wakili_Mkomani:
Wa aleikum salaam. Anza na maneno ya sheria yenyewe. Kifungu 28(8) cha Sheria ya Scotland ya 1998, kilichoingizwa mwaka 2016, chasema Bunge la London "kwa kawaida" halitatunga sheria juu ya mambo yaliyogatuliwa bila ridhaa ya Edinburgh. Ndiyo iitwayo desturi ya Sewel. Watu walishika "bila ridhaa" wakaliruka lile "kwa kawaida", na samaki wote wakatokea kwenye tundu hilo.

Januari 24, 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kesi ya Miller. Majaji 8 kwa 3 walisema serikali haiwezi kutoa notisi ya kujitoa bila sheria ya bunge. Hapo wengi huacha kusoma. Mbele kidogo, majaji wote 11 wanakubaliana kwamba desturi ya Sewel ni jambo la kisiasa, si kazi ya mahakama kuisimamia, hata kama imeandikwa kwenye sheria. Kwa hiyo kura ya Edinburgh ya Februari 7, 2017 (90 kwa 34, kupinga notisi) ilikuwa kauli tu. Notisi ikatolewa Machi 29.

Hatua iliyokuwa na meno ilikuja mwaka uliofuata. Kilimo, uvuvi na mazingira ni mambo ya Edinburgh, ila kanuni zake nyingi zilikuwa zikitoka Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya. Ukijitoa, nani anazirithi? London iliandaa mswada wa kuzihifadhi kwa namna iliyofunga mikono ya Edinburgh. Edinburgh ikaleta wake, Mswada wa Mwendelezo, Februari 27, 2018, ukapita Machi 21 kwa kura 95 kwa 32. Spika, Ken Macintosh, alitamka kwamba mswada umevuka mamlaka ya bunge. Mwanasheria mkuu wa Scotland, James Wolffe, akasema haukuvuka. Kwa sheria yao tamko la spika halizuii mswada, ni maoni yanayoambatanishwa.

Sasa tazama saa ilivyowacheza. Mswada ukishapita, wanasheria wa serikali wana wiki nne za kuupeleka Mahakama ya Juu kabla mfalme au malkia hajauridhia. London ilikwenda Aprili 17, wiki nne zikiwa ukingoni. Mswada ukalala mahakamani. Juni 26, sheria ya London ikaridhiwa, na ndani yake imejitaja yenyewe kuwa miongoni mwa sheria ambazo Edinburgh haiwezi kuzigusa. Hukumu ilitoka Desemba 13, 2018: siku ulipopitishwa, ni kifungu cha 17 peke yake kilichovuka mipaka (kile kilichotaka kanuni za mawaziri wa London zisifanye kazi bila ridhaa ya mawaziri wa Scotland). Lakini kwa sababu ya sheria iliyoridhiwa katikati, sehemu kubwa nyingine nayo ikawa imetoka nje ya mamlaka. Waliupitisha wakiwa karibu wote ndani ya haki yao, ukaharibika foleni.

Bandari_Ndogo:
Wakili ameeleza vizuri, ila usiiache Wales. Nao walipitisha sheria ya namna hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, Machi 21, 2018. Tofauti ni matumizi. Wales iliiweka mezani kama karata. London ikalegeza: mamlaka yote yaende kwa mabunge ya ngazi ya chini, isipokuwa yale yatakayozuiliwa kwa kanuni maalumu na kwa muda. Aprili 24 wakapatana, Wales ikatoa ridhaa na baadaye ikaifuta sheria yake. Edinburgh ikakataa Mei 15, kura 93 kwa 30, na London ikaendelea kama haikusikia.

Ukiniuliza, Wales walipata kingi zaidi kwa kelele chache. Lakini nao hawakupona baadaye: Januari 2020 mabunge yote matatu, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini, yalikataa ridhaa kwa sheria ya mkataba wa kutoka. Sheria ikaridhiwa Januari 23 vilevile, na Januari 31 wakatoka.

Kilichouma zaidi si kutoka kwenyewe, ni Sheria ya Soko la Ndani ya Desemba 2020. Inasema bidhaa iliyo halali kuuzwa upande mmoja wa Uingereza ni halali kuuzwa pande zote. Edinburgh bado ina haki ya kuweka masharti, lakini yanawabana wazalishaji wa kwake tu, mzigo wa jirani unapita. Mfano ni chupa. Scotland ilipanga mnunuzi aweke amana ya peni 20 kwa kila chupa au mkebe, arudishiwe akirejesha. Mpango ulihusu plastiki, mikebe na vioo. Ilihitaji London iutoe mpango kwenye sheria hiyo. Mei 2023 London ikajibu: sawa, ila vioo viondoke. Juni mpango ukaahirishwa. Mamlaka juu ya mazingira ni yao kwenye karatasi, ila chupa ya kioo iliwashinda.

Wakili_Mkomani:
Kweli kuhusu Wales. Niongeze kwamba Edinburgh ilirudi na Sheria ya Mwendelezo ya pili, ikaridhiwa Januari 29, 2021. Hii haikupingwa mahakamani. Inawapa mawaziri uwezo wa kufuata kanuni mpya za Ulaya kwenye mambo yaliyogatuliwa, na imeunda chombo cha kusimamia viwango vya mazingira.

Swali la pili sasa. Kujitoa Jumuiya kunatawaliwa na Kifungu cha 145 cha Mkataba wa Jumuiya: azimio la Bunge la Taifa kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye kura, kisha notisi ya miezi 12 kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya, na notisi yaweza kufutwa kabla ya muda kwisha. Kwetu wabunge ni 349, kwa hiyo 233. Mkataba unataja Bunge la Taifa pekee kwa sababu ulitiwa saini Novemba 30, 1999, wakati Kenya haina Seneti. Kaunti hazikuwepo hata kwenye ndoto.

Lamu haina kitu kama Sewel. Jedwali la Nne la Katiba limeipa serikali ya kitaifa mambo ya nje na biashara ya kimataifa. Kaunti ina masoko, leseni za biashara, ufugaji, machinjio, uvuvi. Lakini tuna mlango ambao Edinburgh hawana: Seneti. Azimio la kujitoa halitoshi, lazima zifuate sheria za kuziba mapengo. Zikigusa kazi za kaunti, ni miswada ya Kifungu cha 110 cha Katiba, na kwenye Seneti kila kaunti ina kura moja. Zinahitajika 24 kati ya 47. Lamu na Nairobi ni sawa hapo.

Mzani_wa_Forodha:
Mabwana wa sheria, shukeni gatini kidogo. Sheria ya forodha inayotumika bandari ya Lamu leo ni ya Jumuiya, ya mwaka 2004, iliyotungwa na bunge la Jumuiya lililoko Arusha. Ukitoka bila kuwa na ya kwako, afisa hana sheria ya kutoza. Hata viwango vya ushuru, 0, 10, 25 na 35 kwa mia, ni vya pamoja.

Watu husema "tutabaki na COMESA", soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Kwa mzigo wa Uganda, sawa. Kwa Tanzania hapana, walijitoa COMESA mwaka 2000. Machungwa ya Tanga yanaingia bila ushuru kwa cheti cha asili cha Jumuiya (kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani), na mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chepesi cha mpakani. Vyeti vyote viwili hufa siku hiyo hiyo.

Viwango vya ubora havifi. Mahindi ya Mpeketoni hupimwa unyevu usiozidi asilimia 13.5 kwa kiwango cha Afrika Mashariki, lakini shirika la viwango la Kenya limekwishakipitisha kuwa cha nchi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya bunge la kaunti ni ya mezani: karani atoe sheria zote za kaunti, atafute humo neno "Jumuiya", atenge zinazosimama peke yake na zinazoegemea Arusha. Miezi 12 si mingi kwa kazi hiyo, maana kila marekebisho yanahitaji maoni ya wananchi, na kuna maboti ya kwenda Faza, Kiunga na Basuba.

Kisima_cha_Langoni:
Ahsanteni sana. Moja la mwisho: twaweza kwenda mahakamani mapema, tusingoje kama Edinburgh?

Wakili_Mkomani:
Naam. Kifungu cha 163(6) cha Katiba kinaruhusu serikali ya kaunti kuomba ushauri wa Mahakama ya Juu juu ya jambo lolote linalohusu serikali za kaunti. Ombi liingie notisi ikitolewa tu, kabla miswada haijasomwa. Chunga maneno: kwa upande wetu anayetajwa kwa jina ni "serikali ya kaunti", na Kifungu cha 176 chasema hiyo ni bunge pamoja na watendaji. Bunge likienda peke yake gavana akiwa upande wa pili, siku ya kwanza yaweza kuishia kwenye kubishana nani ana haki ya kuleta ombi. Mpateni gavana atie saini kwanza.